Mshale Uliogoma Kwenye Arobaini na Tano

Leo nimeaibika mbele ya ofisi nzima, na karibu kila karatasi iliyoniaibisha niliiandika kwa mkono wangu. Naeleza mwenyewe mapema kwa sababu picha imeshaanza kuzunguka, na napenda watu walipate jambo kwa mpangilio wake.

Kwa msionijua: mimi ni Afisa Usafirishaji wa kampuni ndogo ya kuuza matangi na pampu za maji. Ofisi yetu iko Mabibo, nyuma ya soko. Tuna magari matatu na madereva watatu. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba vya uandishi wa barua, na kwa kamusi ninayoisoma kila jioni kama wengine wanavyosoma magazeti. (Nimefika herufi S.) Mwongozo wa Matumizi ya Magari ya Kampuni, kurasa kumi na nne, ni kazi yangu. Hakuna aliyeniomba niuandike.

Kazini nina sifa moja. Penye hamsini sivuki hamsini. Wenzangu huniita Mzee wa Hamsini, nami sijawahi kulikataa jina hilo. Kuanzia leo nadhani watalibadilisha.

Asubuhi ilianza vizuri. Nilitoka nyumbani Mwananyamala nimepiga pasi, nimefunga tai. Mke wangu akanisindikiza hadi mlangoni.

"Mama anasema Jumamosi anarudi," akaniambia.

Mama ni mama mkwe. Alikuja kutoka Masasi kututembelea, akakaa kwetu miezi miwili, kisha akahamia Pugu kwa shemeji yangu. Hii ni wiki ya tatu tangu aende. Nyumba ilikuwa imetulia.

"Mungu amlinde huko huko," nikasema. Mke wangu alinitazama, nikaongeza, "Hadi Jumamosi."

Saa mbili kamili nilikuwa mezani. Kila Jumatatu, kabla ya chai, huingiza namba za magari yetu kwenye mfumo wa kuangalia makosa ya barabarani. Gari la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, ile pikapu nyeupe, lilikuwa na notisi. Mwendo kasi. Barabara ya Pugu, siku ya Alhamisi wiki tatu zilizopita, saa saba na dakika ishirini mchana. Kilomita sabini na moja kwa saa penye hamsini.

Nikafungua daftari la safari. Alhamisi ile pikapu ilikuwa imesainiwa asubuhi na Chande.

Chande ni dereva wetu wa siku nyingi, mtu mpole wa Lindi. Mgongo wake ulichokea kwenye malori kabla hajaja kwetu, na akishuka kwenye gari hushuka kwa awamu, mguu kwanza, kisha mkono, kisha yeye. Mwaka huu alishapata notisi moja. Kanuni ya tisa ya mwongozo wangu inasema dereva akipata notisi ya pili ndani ya mwaka mmoja anaondolewa kwenye usukani na kupelekwa ghalani. Ghalani maana yake ni kubeba matangi. Kwa mgongo ule, kumpeleka Chande ghalani ni sawa na kumfukuza kazi, ila kwa lugha ya heshima.

Sikufurahi. Naomba ijulikane hivyo. Lakini nilipochukua karatasi safi na kuinyoosha juu ya meza, nilipata raha ambayo mtu asiyeandika barua hawezi kuielewa.

Ili kupata nafasi ilibidi nisogeze trei. Juu yake kulikuwa na karatasi nyingine ya Chande mwenyewe, taarifa fulani ya gari ambayo nilikuwa nimeshamrudishia mara tatu kwa sababu haikuwa na kumbukumbu namba. Alikuwa ameileta tena, na bado haikuwa nayo. Sikuisoma. Sikuwahi kuisoma hata mara moja. (Msimamo wangu ni kwamba barua isiyo na kumbukumbu namba si barua, ni karatasi iliyochafuliwa.)

Nikaandika:

"YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA. Rejea kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, kabla ya kikao cha saa nane mchana wa leo, kwa nini uliendesha gari la kampuni kwa mwendo unaohatarisha maisha ya wakazi, mali ya kampuni na jina jema la ofisi hii."

Niliisoma mara mbili. Sikuona cha kurekebisha.

Halafu, kwa sababu simshtaki mtu bila ushahidi, nikaandika barua ya pili kwa askari wanaohusika na notisi, kuomba picha iliyopigwa na tochi. (Tochi ndivyo tunavyokiita kile kifaa cha kupima mwendo, kwa wale wenye bahati ya kutokijua.) Nikampa Neema, katibu muhtasi wetu, aipeleke kwa bodaboda.

"Picha ukiipata," nikamwambia, "itume moja kwa moja kwenye grupu la ofisi."

"Grupu la wote, baba?"

"La wote. Sitaki mtu aseme nimechezea ushahidi."

Neema akaenda. Ni binti mwenye adabu, na kwa yaliyofuata hana kosa lolote.

Saa nne Chande aligonga mlango. Alikuwa ameishika barua yangu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Umeisoma?"

"Nimeisoma. Imeandikwa vizuri mno." Akakaa taratibu. "Lakini bosi, Alhamisi ile, mchana, si ulikuja ukaniambia..."

Nikanyanyua mkono. "Chande. Usinieleze kwa mdomo. Mambo ya ofisi ni maandishi."

"Ni kitu kidogo tu, bosi."

"Kitu kidogo kina karatasi yake ndogo. Andika."

Alitazama trei, kisha akanitazama mimi.

"Basi naomba uniandikie wewe," akasema. "Mie barua zangu si unazirudishaga?"

Hapa inabidi nieleze jambo. Ofisini kwetu mimi ndiye ninayewaandikia watu barua zao. Ya kuomba likizo, ya kuomba mkopo, ya kuomba radhi. Mlinzi alioa kwa barua yangu. Kwa hiyo lilikuwa ombi la kawaida kabisa. Niliyemwandikia Chande mashtaka ndiye niliyetakiwa kumwandikia utetezi, na kwa kuwa nilikuwa nimeiandika ile ya kwanza vizuri mno, nikaona itakuwa ukatili kumwacha ajibu vibaya. Mchuano ungekuwa hauko sawa.

Nikachukua karatasi nyingine.

"Saa saba na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Kwenye kibanda cha mlinzi. Nakula ubwabwa na maharage."

"Gari lilikuwa wapi?"

"Lilichukuliwa."

Kalamu ilisimama. "Na nani?"

Chande akatazama sakafu. "Na mtu wa cheo, bosi. Mkubwa wangu. Kumtaja naona vibaya."

Nilijua papo hapo. Kwenye ofisi ile mtu wa cheo anayeweza kuchukua gari bila kuandika ni mmoja tu, Bi Tesha, Meneja Mauzo. Bi Tesha ana shahada. Mwongozo wangu huuita "zile karatasi zako". Siku niliyougawa, aliufungia andazi.

"Usimtaje," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na utamu kuliko nilivyokusudia. "Hapa tutaandika 'mtu wa cheo'. Jina litatajwa na picha, kikaoni, mbele ya watu."

"Bosi, una uhakika?"

"Chande, nani anaandika?"

"Wewe, bosi."

Nikaandika. Ndugu zangu, sijawahi kuandika vile. Niliandika kwamba mtu huyo, kwa kulewa cheo, alimnyang'anya dereva gari na kumwacha anakula maharage huku jina lake likibaki daftarini kama ngao. Niliandika kwamba mtu wa namna hiyo ni hatari zaidi ya dereva mkorofi, kwa sababu dereva mkorofi anajijua. Nikashauri anyang'anywe haki ya kugusa funguo kwa miezi mitatu. Nikashauri notisi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na picha. Chande alikuwa anafuata kwa kidole.

"Bosi, hii ya ubao si kali sana?"

"Ni ya wastani. Ngoja niongeze."

Nikaongeza kwamba kila Jumamosi, kwa hiyo miezi mitatu, mtu huyo aioshe pikapu kwa mikono yake, chini ya usimamizi wa dereva aliyemchongea.

"Mtu mzima huyo, bosi," Chande akasema, kwa upole ambao sasa naukumbuka kwa maumivu. "Amevaa na tai."

Tai. Alisema tai. Nikadhani anazungumza kwa ujumla.

"Hata akivaa taji," nikajibu. "Saini hapa."

Akasaini. Nikaweka kumbukumbu namba mimi mwenyewe. Nikamfundisha na kuisoma, pa kupumzika na pa kupandisha sauti, kwa sababu kanuni ya kumi inamtaka mtuhumiwa asome barua yake akiwa amesimama. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Bosi, hata ukitaka kuibadilisha baadaye, mie sina neno."

"Haki haibadilishwi baadaye, Chande."

Akaondoka anatikisa kichwa.

Saa nane kasoro dakika tano, Neema akanipigia. Sikupokea, maana nilikuwa napanga viti. Akapiga tena. Kisha akaandika: "Shikamoo baba. Picha nimeiona. Nikutumie wewe kwanza?"

Nikamjibu: "Hapana. Tuma kwenye grupu. Uwazi."

Akaandika: "Baba, tafadhali."

Nikaandika: "Neema, kanuni ni kanuni." Nikazima sauti ya simu na kuilaza kifudifudi juu ya meza.

Kikao tulikuwa watu kumi na wawili. Mkurugenzi alikaa mwanzo wa meza; ni mama asiyependa vikao virefu, na miwani akiivua ujue muda umekwisha. Bi Tesha alikaa mkabala nami, anamenya chungwa. Nilisoma notisi. Nikasoma barua yangu ya mashtaka. Nikaeleza kanuni ya tisa na maana yake, na nikasema, kwa sauti ya huzuni niliyoipima, kwamba mgongo wa Chande uko mikononi mwa haki.

"Chande," Mkurugenzi akasema, "una la kusema?"

Chande akasimama, akasoma. Alisoma vizuri kuliko nilivyotegemea. Alipumzika pa kupumzika. Alipofika "kwa kulewa cheo", mtu wa stoo akasema "duh" taratibu. Alipofika kwenye kuosha gari, Mkurugenzi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi nilikuwa namtazama Bi Tesha. Nilitaka kuona chungwa likimkwama.

Halikumkwama. Aliendelea kula kipande baada ya kipande.

"Barua nzito," Mkurugenzi akasema. "Sasa huyo mtu wa cheo ni nani?"

"Bosi Haule ameniambia nisitaje," Chande akajibu. "Amesema picha itamtaja."

Macho yote yakanigeukia.

"Sahihi," nikasema. "Nimesema hivyo."

Ndipo simu kumi na moja zilipolia kwa pamoja. Ya kumi na mbili, ya kwangu, ilitetemeka kifudifudi juu ya meza ikisogea kuelekea ukingoni, kama inayotaka kutoka nje.

Watu wakafungua simu zao. Nilisubiri mshangao. Mtu wa stoo aliinua uso, akanitazama, akarudi kwenye simu yake, akaikuza picha kwa vidole viwili. Bi Tesha ndiye aliyeanza kusema.

"Samahani," akasema, anafuta vidole kwa leso. "Huyu mama wa kitenge ni mfanyakazi wa idara gani?"

Nikaigeuza simu yangu.

Picha ilikuwa safi sana. Sijui kwa nini picha za vitambulisho hutoka kama tumetolewa kisimani na za tochi hutoka kama za harusi. Nyuma ya kioo cha pikapu nilikuwa nimekaa mimi. Tai hii hii. Miwani hii hii. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, na kwa kidole cha mkono wa kushoto naonyesha kitu kwenye dashibodi, mdomo uko wazi, nyusi ziko juu, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito. Pembeni yangu amekaa mama mkwe. Yeye haangalii ninachomwonyesha. Anamtazama askari mwenye tochi moja kwa moja, ametulia, mkoba uko mapajani, kama aliyeambiwa asitikisike. Nyuma yetu, kwenye bodi ya pikapu, zinaonekana ndoo zake tatu na mkeka.

Chini ya picha: sabini na moja.

Mtauliza nilisahauje. Sikusahau. Kanuni ya kumi na moja, ambayo pia niliitunga mimi, inasema kwamba ukaguzi wa gari unaofanywa na Afisa Usafirishaji si safari, na hauandikwi kwenye daftari. Alhamisi ile nilimwambia Chande, "Lete funguo, nakagua breki." Kisha nikazikagua kutoka Mabibo, nikapitia Mwananyamala kumchukua mama mkwe na ndoo zake, nikaendelea kuzikagua hadi Pugu. Kichwani mwangu haikuwa safari. Nilikuwa nimejiandikia ruhusa hiyo vizuri kiasi kwamba nilijiamini mwenyewe.

"Mzee Haule," Mkurugenzi akasema polepole, "hapa ulikuwa unamwonyesha nini?"

Sikuwa na pa kujificha, na mimi si mwongo. Angalau si kwa mdomo.

"Mwendo, Mkurugenzi."

"Mwendo gani?"

"Arobaini na tano."

Hapo ndipo walipocheka. Mtu wa stoo alilaza kichwa mezani. Mlinzi, ambaye si mjumbe na alikuwa anasikiliza dirishani, aliondoka kabisa, nikamsikia akichekea mbali, karibu na tangi la maonyesho.

Lakini nilisema kweli. Nilikumbuka yote. Baada ya Gongo la Mboto barabara ilikuwa wazi, na mama mkwe akaanza kushika mlango.

"Baba," akaniambia, "mbona hawa wa bodaboda tunawaacha?"

"Wanaenda taratibu, mama. Leo wamekuwa na adabu."

"Na lile basi?"

"Mama, sisi tuko arobaini na tano. Tazama mshale. Mshale hausemi uongo."

Na mshale kweli ulikuwa kwenye arobaini na tano. Umetulia pale, haupandi, haushuki. Nikajisifu moyoni kwa mguu wangu mwepesi. Mama mkwe akasema tu, "Marehemu baba mkwe wako alikuwa na baiskeli, na nilikuwa nalala usingizi nyuma yake." Kisha akakaa wima na kutazama mbele, na huko mbele, kumbe, kulikuwa na mtu wa kutazamana naye.

"Mkurugenzi," nikasema, nikishika jambo la mwisho lililobaki la kushika, "mshale ulionyesha arobaini na tano. Kama chombo kina hitilafu, ilikuwa wajibu wa dereva kutoa taarifa. Kanuni ya nne."

Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa naongea kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kupiga pasi wakati nyumba inaungua.

Chande alinyoosha mkono. Hakuwa na furaha yoyote usoni, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Nilitoa, bosi. Ipo kwenye trei yako."

Mkurugenzi akamtuma mtu wa stoo. Ilichukua dakika moja. Karatasi ikaletwa, ikapewa Bi Tesha aisome kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. (Kwenye vitabu vyangu vyote vya uendeshaji wa ofisi hakuna panaposhauri chochote kwa hali kama hii.)

Bi Tesha akasoma, kila neno kwa nafasi yake:

"Bosi, mshale wa mwendo kwenye pikapu ukifika arobaini na tano haupandi tena. Gari linaweza kukimbia na dereva asijue. Naomba fundi aitazame kabla mtu hajaumia au hajakamatwa. Chande."

Akageuza upande wa pili. "Halafu kuna wino mwekundu. 'Haina kumbukumbu namba, rudia.' Halafu, 'Haina kumbukumbu namba, rudia.' Halafu, 'Nimeshasema.'" Akainua macho. "Hapa pamepigiwa mistari miwili."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ingekuwa bora wangecheka.

"Chande," Mkurugenzi akauliza, "wewe unaliendeshaje gari hilo?"

"Nasikiliza injini, mama. Ikianza kuimba, natoa mguu."

"Na kwa nini hukumwambia Mzee Haule leo asubuhi kwamba aliyekuwa na gari ni yeye?"

"Nilianza. Akasema mambo ya ofisi ni maandishi." Akajikuna shingo. "Nikaona basi ayaandike."

Mkurugenzi akavua miwani.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Notisi si ya Chande, abaki kwenye usukani wake. Faini italipwa na aliyekuwa anaonyesha kidole. Fundi aitwe kesho. Kanuni ya kumi na moja ifutwe. Na adhabu ya mtu wa cheo, kwa kuwa imeshapendekezwa kwa ufasaha mkubwa, itekelezwe kama ilivyoandikwa.

Chande alijitahidi kuniokoa, namshukuru. "Mama, ile ya kuosha gari mie sikuitaka. Niliandikiwa tu."

"Imesainiwa?"

"Nimesaini."

"Basi ni yako."

Nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, Bi Tesha alipita nyuma yangu.

"Mzee Haule," akasema, "naomba nakala ya ule mwongozo. Ya kwangu iliingia mafuta. Sasa nataka kuusoma."

Saa tisa na nusu nilikuwa mezani nikijiandikia mwenyewe barua ya kujieleza, maana hilo nalo liliamriwa, na Mkurugenzi aliongeza kwamba ipitie kwanza kwa dereva wa gari husika. Mke wangu akanipigia katikati ya aya ya pili. Picha ilikuwa imeshafika nyumbani, sijui kwa njia gani. Kutoka nyumbani ilikuwa imeshafika Pugu.

"Mama ameiona," akasema.

"Amekasirika?"

"Anasema ametoka vizuri. Anataka uisafishe kubwa, uiweke fremu. Anasema ndiyo picha pekee mliyopiga pamoja."

Nikaitazama aya yangu ya pili.

"Na anasema Jumamosi usimfuate. Atakuja na bodaboda, afike salama."

Nikamaliza barua. Ilikuwa barua fupi, ya kweli, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuweka neno lolote la herufi S kwa ajili ya kujionyesha. Nilikiri gari. Nilikiri mama mkwe, ndoo na mkeka. Nilikiri kwamba nilionywa mara nne kwa mwandiko unaosomeka na nikasahihisha karatasi badala ya kutengeneza gari. Nikaichukua mwenyewe hadi kwenye kibanda cha mlinzi, ambako Chande alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukuta, anakunywa chai.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaisoma yote, taratibu, kidole chini ya kila mstari. Nilimwona akilainika usoni, nikadhani atasema neno la kunifariji.

Akanirudishia.

"Bosi," akasema, "haina kumbukumbu namba."

Nimekaa, naandika upya. Mwenye kutaka kunicheka, aombe kwa maandishi, nakala mbili, na apitishe kwa Chande.